Shajara ya mradi: kutafuta kompresa ya gitaa la besi katika bendi ya dansi

Wiki ya kwanza, Jumatatu

Leo nimeanza kazi ambayo nimekuwa nikiiahirisha tangu mwaka jana, yaani kutafuta kompresa ya gitaa langu la besi. Nimeamua kuandika kila hatua kwa sababu nimewaona wapiga besi wenzangu kadhaa hapa Dar es Salaam wakinunua kifaa hiki kwa kusikia kikisifiwa, kisha wakakiuza baada ya miezi miwili bila kujua kilikuwa kinafanya nini ndani ya sauti yao.

Bendi yetu inapiga muziki wa dansi, na wimbo mmoja huweza kwenda dakika nane hadi kumi. Nusu ya kwanza ni ya waimbaji, nami hutembea chini yao taratibu. Kisha linaingia chemko, magitaa yanabadilisha mwendo, drams inaongeza nguvu, na vidole vyangu vinagonga nyuzi kwa nguvu zaidi hata pale ninapojizuia. Matokeo yake ni kwamba katika nusu ya kwanza watu wa nyuma ya ukumbi hawaisikii besi, na chemko likishaingia besi inawafunika waimbaji na solo. Fundi mitambo akiona hivyo anaishusha kwenye miksa, na wimbo unaofuata unaanza besi ikiwa bado chini. Mchezo huo umekuwa ukijirudia kila Jumamosi.

Kompresa inaweza kutibu jambo hili kwa sababu inapunguza sauti pale tu inapovuka kiwango fulani, na kuiacha kama ilivyo inapokuwa chini ya kiwango hicho. Kiwango hicho nitakiita kizingiti. Uwiano unaamua sauti iliyovuka itabanwa kiasi gani: kwa uwiano wa 4 kwa 1, desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) nne zilizovuka kizingiti zinatoka zikiwa desibeli moja. Muda wa kushika ni jinsi kifaa kinavyowahi kuanza kubana baada ya sauti kuvuka, na muda wa kuachia ni jinsi kinavyorudi katika hali yake sauti ikishashuka. Mwisho kuna nyongeza ya kutokea, ambayo hurudisha juu sauti yote baada ya vilele kukatwa. Maneno hayo matano yanatosha kwa shajara yote.

Vyombo nilivyonavyo ni gitaa la nyuzi nne lenye muundo wa Precision wa kampuni ya Fender, lisilotumia betri, lililofungwa nyuzi bapa. Amplifaya ya wati 300. Na kabati lenye spika moja ya inchi 15. Fedha niliyotenga ni shilingi laki sita, na ndani yake lazima ipatikane pia adapta nzuri ya umeme.

Wiki ya kwanza, Alhamisi

Kabla ya kutazama kifaa chochote nimetaka kujua ugonjwa wenyewe una ukubwa gani. Katika mazoezi ya leo nimepitisha gitaa kwenye kisanduku cha DI, kinachopeleka sauti ya gitaa moja kwa moja kwenye mitambo, na kurekodi besi peke yake kwenye kompyuta, bila amplifaya kuhusika, kwa nyimbo tatu kamili. Nimerudi nyumbani nikatazama vilele kwenye kipimo cha kidijitali, ambacho sifuri ndiyo dari yake. Katika sehemu za kuimba vilele vyangu vinacheza kwenye desibeli 18 chini ya dari. Katika chemko vinapanda hadi 6 chini ya dari. Tofauti ni desibeli 12, nayo ni kubwa kuliko nilivyodhani, maana nilikuwa nikiamini mkono wangu umetulia.

Nimegundua na jambo jingine ambalo sikulitafuta. Nikipiga kwa nguvu ileile uzi wa E ukiwa wazi, kisha uzi wa G kwenye freti ya tisa, uzi wa G unatoka ukiwa na upungufu wa desibeli 5. Hapo ndipo vifungu vyangu vya juu vinapopotelea, na kwa miaka yote nilikuwa nikiwalaumu wapiga magitaa kwamba wananifunika.

Wiki ya kwanza, Ijumaa

Upungufu wa uzi wa G si kazi ya kompresa, kwa hiyo nimeushughulikia kwenye gitaa lenyewe. Pikapu ya Precision, yaani kinasa mtetemo kilicho chini ya nyuzi, tangu mwaka 1957 imegawanywa nusu mbili: moja iko chini ya nyuzi za E na A, na nyingine chini ya D na G, kila moja ikiwa na skrubu zake. Nimechukua bisibisi ndogo ya nyota, nikaishusha nusu ya E na A kwa robo mzunguko, nikaipandisha nusu ya pili kwa mzunguko mzima kila upande. Haikupanda. Sponji iliyo chini yake ilikuwa imekauka na kuwa ngumu kama kipande cha mkate wa juzi, haisukumi tena, kwa hiyo skrubu zilikuwa zinalegea bila pikapu kuinuka. Nimeitoa, nikakata kipande cha sponji mpya ya godoro chenye unene wa sentimita moja na nusu, nikakiweka chini, na pikapu ikanyanyuka vizuri. Nimepima upya: upungufu umebaki desibeli 2. Gharama ni sifuri.

Naona hatua hii ni ya lazima kwa kila anayetaka kununua kompresa. Kifaa hakijui kwamba G ni nyonge kwa sababu ya pikapu. Kinaona tu kwamba E ni kubwa, na kitaibana E muda wote ili ilingane na kilema kilichokuwa kinaponyeka kwa bisibisi.

Wiki ya pili, Jumanne

Nimefanya hesabu ya ninachokitaka. Wazo langu la kwanza lilikuwa kuzifuta desibeli 12 zote. Lakini jana, wakati wa kupumzika, nilimweleza mzee wetu wa gitaa la ridhimu, ambaye yuko katika dansi tangu nikiwa mtoto, naye akanisikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Mwanangu, chemko ni kupanda. Ukilibana likalingana na kuimba, wacheza hawatajua wakati wa kuinuka." Nimelala nikilifikiria neno hilo, na leo nimebadilisha lengo: tofauti ya 12 ishuke hadi 6, isiende chini ya hapo.

Kwa lengo hilo, kizingiti kikikaa kwenye desibeli 14 chini ya dari na uwiano ukiwa 4 kwa 1, vilele vya chemko vinavuka kizingiti kwa desibeli 8, na hizo 8 zinatoka zikiwa 2. Maana yake chemko linatua kwenye 12 chini ya dari, huku sehemu ya kuimba, ambayo haifiki kizingitini, ikibaki kwenye 18. Nikiongeza nyongeza ya kutokea ya desibeli 4, kuimba kunapanda hadi 14 na chemko linakaa kwenye 8. Besi ya nusu ya kwanza itakuwa imeongezeka na ya chemko itakuwa imepungua kidogo, lakini bado itapanda. Mzee, nadhani, ataridhika.

Wiki ya pili, Alhamisi

Usiku wa leo nimeutumia kusoma aina za kompresa, maana kila aina ina namna yake ya kushika na kuachia, na kwa besi tofauti hizo zinasikika wazi.

Ya kwanza ni ya mwanga. Ndani yake sauti huwasha kitaa kidogo, na mbele ya kitaa kuna kipande ambacho ukinzani wake wa umeme hupungua kinapoangazwa. Sauti ikizidi, taa inang'aa zaidi na njia ya sauti inapunguzwa. Mashine ya studio ya Teletronix LA-2A ya miaka ya 1960 ndiyo mama wa aina hii. Tabia yake ni kuachia kwa hatua mbili, ya kwanza upesi na ya pili polepole, na kadiri ilivyobanwa kwa muda mrefu ndivyo inavyochelewa kurudi. Ya pili hutumia transista ya aina ya FET, na mfano wake mkubwa ni 1176 ambayo Bill Putnam aliitoa mwaka 1967: muda wake wa kushika unaanzia sehemu 20 za milioni za sekunde, na uwiano wake huchaguliwa kwa vibonyezo vinne vya 4, 8, 12 na 20. Ya tatu ni ya VCA, yaani kikuza sauti kinachoongozwa na volti, ambayo inahusishwa zaidi na David Blackmer na kampuni yake ya dbx. Hiyo hutii vipimo bila kuongeza rangi nyingi, na ndiyo inayopatikana zaidi kwenye reki (fremu za kufungia mitambo) za vyombo vya matangazo na kumbi. Ya nne ni ile ya pedali ndogo za gitaa za miaka ya 1970, kama Dyna Comp ya MXR, zenye nobu mbili tu.

Wiki ya pili, Jumamosi

Jaribio la kwanza. Kaka mmoja anayepiga besi kanisani Sinza ameniazima pedali ya nobu mbili ya aina hiyo ya nne. Nimeitumia mchana kutwa. Uzi wa G umejaa vizuri, lakini E imepoteza kifua, na kila ninapogonga kwa nguvu sauti inanywea kisha inavimba baada yake kama pumzi. Kwa solo, uvimbe huo ni pambo. Kwa besi, unaivuruga drams ya mguu, kwa sababu pigo la mguu linaangukia pale besi inaponywea. Zaidi ya hayo pedali haina taa za kuonyesha inabana kiasi gani, na mimi hapa nina hesabu ya desibeli 6 ninayotaka kuitimiza. Nimeirudisha jioni na shukrani nyingi.

Wiki ya tatu, Jumatano

Fundi mitambo wetu amenikubalia nichukue kwa siku tatu kompresa ya reki ya inchi 19 aliyokuwa haitumii, ya aina ya VCA, yenye nobu za kila kitu na mstari wa taa. Niliunganisha gitaa moja kwa moja na nikashangaa: kabla hata ya kubana chochote, sauti ilikuwa imefifia upande wa juu, kana kwamba mtu amefunika spika kwa blanketi. Nilipotafakari nikaelewa. Gitaa lisilo na betri linahitaji kupokewa na ukinzani mkubwa, aghalabu wa ohmu milioni moja, kama ulivyo kwenye mlango wa amplifaya na wa pedali nyingi. Mlango wa reki umetengenezwa kupokea sauti iliyokwisha kuimarishwa, na ukinzani wake ni mdogo mara nyingi kuliko huo, kwa hiyo unaielemea pikapu na kuila sauti ya juu.

Njia sahihi ni kuiweka reki kwenye mzunguko wa nyuma wa amplifaya, mahali ambapo sauti inatoka baada ya hatua ya kwanza na kurudi kabla ya ile ya nguvu. Nimefanya hivyo na ufifiaji umekwisha. Ila hapo kila ninapogusa nobu ya besi kwenye amplifaya, kizingiti nacho kinakuwa kama kimehama, kwa sababu kinachoingia kwenye kompresa kimebadilika. Kwa mtu anayerekebisha sauti kila ukumbi, hilo ni tatizo la kila wiki.

Wiki ya tatu, Alhamisi na Ijumaa

Nimekwisha kuamua kwamba sitanunua reki: ni nzito, inataka umeme wake wa volti 230, nami nasafiri na vyombo kwa bajaji. Lakini nimeigeuza kuwa darasa, kwa kuwa nobu zake zimeandikwa namba za milisekunde, na siku hizi mbili zimenifundisha kuliko miaka yangu ya kusikiliza watu.

Nimeanza na muda wa kushika. Kwenye milisekunde 1, mguso wa kidole kwenye uzi unamezwa. Noti inaanza laini, kama imepigwa kwa kitambaa. Nimeusogeza taratibu huku nikirudia kifungu kilekile cha wimbo wetu wa ufunguzi, na kuanzia milisekunde 20 hivi mguso ukaanza kupita. Kwenye 30 ulikuwa umekamilika: kidole kinasikika, kisha mwili wa noti ndio unaobanwa. Kwenye 100 kompresa ilikuwa inafika wakati noti za chemko zimekwisha kuondoka.

Muda wa kuachia ndio ulionichukua muda mrefu zaidi, nami nauona kuwa ndio kiini cha kuchagua kompresa ya besi. Niliuweka kwanza kwenye chini kabisa, nikidhani kuwahi ni bora. Uzi wa E ukiwa wazi ukaanza kukoroma, mkoromo wa mkwaruzo ambao haukuwemo kwenye gitaa. Sababu yake iko kwenye hesabu: E ya besi hutetema mara 41.2 kwa sekunde, kwa hiyo mtetemo mmoja huchukua milisekunde 24 hivi. Kompresa inayoachia upesi kiasi cha kukaribia muda huo haifuati tena nguvu ya noti, bali inafuata wimbi lenyewe, inalibana kileleni na kuliachia bondeni, na umbo la wimbi linaharibika. Uzi wa G, unaotetema mara 98, haukukoroma kwa kiasi hicho. Anayejaribu kompresa dukani kwa nyuzi za juu peke yake hawezi kulisikia jambo hili.

Kisha nikaupeleka juu, kwenye milisekunde 800. Mkoromo ulikwisha, lakini noti moja nzito ikipigwa, tatu zinazoifuata zinazama nayo, kwa kuwa kifaa hakijaachia bado. Hapo nikachukua mwendo wa nyimbo zetu. Sehemu ya kuimba ya wimbo wetu wa ufunguzi inakwenda mapigo 96 kwa dakika, yaani pigo moja kwa milisekunde 625. Chemko lake linakwenda 132, yaani milisekunde 454 kwa pigo na 227 kwa nusu pigo. Besi yetu katika chemko inatembea kwa nusu pigo. Basi kompresa lazima iwe imeachia ndani ya milisekunde 227, la sivyo kila noti inabeba deni la iliyoitangulia. Nimeweka 180, na ghafla kila noti ikasimama kwa miguu yake. Nilipiga chemko hilo peke yangu sebuleni mpaka jirani akaja kuuliza kama leo tuna shughuli.

Sasa naweza kusema ninachotafuta: pedali yenye mlango wa ukinzani mkubwa, yenye nobu ya muda wa kuachia, yenye taa za kuonyesha inabana kiasi gani, na isiyokula kifua cha E. Nobu ya muda wa kushika ningeipenda, ila ninaweza kuikosa ikiwa kifaa chenyewe kinauacha mguso wa kidole upite.

Wiki ya nne, Jumapili

Nimepata pedali mbili za kulinganisha, zote za kuazima kutoka kwenye studio ya rafiki. Moja ni ya mwanga, ambayo sitaitaja. Ya pili ni BC-1X ya Boss, iliyotengenezwa mahususi kwa besi, yenye nobu nne za kiwango cha kutokea, uwiano, muda wa kuachia na kizingiti, pamoja na mstari wa taa juu yake. Muda wa kushika inauamua yenyewe.

Nimezilinganisha kwa masharti mawili. La kwanza ni kwamba sauti inayotoka lazima iwe na ukubwa uleule katika pedali zote mbili na pia zikiwa zimezimwa, kwa sababu sikio hudhani kilicho kikubwa zaidi ndicho kizuri zaidi, na tofauti ya desibeli moja au mbili inatosha kulihadaa. Nimetumia kompyuta kusawazisha. La pili ni kwamba nisijue ninachokisikia. Kijana anayejifunza besi kwangu amekaa nyuma yangu, pedali zikiwa miguuni mwake, nami nikitazama ukuta. Anakanyaga, ananiambia, "Tayari, mwalimu," napiga kifungu, nasema kama ni cha kwanza au cha pili ninachokipenda, naye anaandika kwenye daftari bila kusema neno.

Tumefanya mara kumi kwa mwendo wa kuimba na mara kumi kwa chemko. Katika kuimba nimeichagua ile ya mwanga mara saba kati ya kumi. Ina utamu katika kushuka kwa noti ndefu ambao siwezi kuukana. Katika chemko nimeichagua BC-1X mara tisa. Nilipofunua daftari nikaona vizuri kilichotokea: ile ya mwanga, ikishabanwa na mfululizo wa noti nzito, inachelewa kurudi, na nobu ya kuiharakisha haina. Tatizo lililonileta hapa liko kwenye chemko, kwa hiyo nimekubali kuuacha ule utamu wa noti ndefu.

Mpwa wangu anayefanya kazi Dubai anarudi likizo wiki ijayo. Nimemtumia fedha, naye amekubali kuniletea BC-1X.

Wiki ya sita, Jumanne

Pedali imefika salama, imefungwa ndani ya shati. Nimeiweka baada ya tyuna na kabla ya amplifaya. Kwa kuwa nobu zake hazina namba za desibeli, nimerudi kwenye rekodi: nilichezesha besi ile ghafi ya wiki ya kwanza kupitia kwenye pedali, nikazungusha kizingiti hadi sehemu ya kuimba isiwashe taa hata moja na chemko liwashe, nikapima kinachotoka kwenye kompyuta, nikarudia mpaka tofauti ikawa desibeli 6 na nusu. Imenichukua saa moja na nusu. Muda wa kuachia nimeutafuta kwa sikio, kwa njia ileile ya reki: kwanza hadi E ikorome, kisha nirudi nyuma mpaka mkoromo upotee, kisha niongeze kidogo, na mwisho nihakikishe kwamba noti za nusu pigo hazizami.

Kisha ukajitokeza mvumo. Kila noti ilipokwisha, chini yake ilibaki sauti ya "mmm" ambayo zamani haikusikika. Pikapu ya Precision haipaswi kulaumiwa, kwa sababu nusu zake mbili zimefungwa kwa kupingana ili zifute mvumo wa nje. Nilizima pedali, mvumo ukapungua lakini haukwisha. Nikachomoa tyuna, ukakoma kabisa. Adapta moja ya bei nafuu ndiyo ilikuwa inalisha tyuna na pedali kwa waya wa matawi, na umeme wake haukuwa safi. Kompresa haikuuleta mvumo huo. Ilichofanya ni kuongeza desibeli 4 za kutokea, na kila kilichokuwa kimelala chini kikainuka nazo. Kwa mpiga besi jambo hili ni baya kuliko kwa mwingine yeyote, maana umeme wetu ni wa 50 Hz, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, na noti ya G kwenye freti ya tatu ya uzi wa E ni 49 Hz; mvumo wa 100 Hz nao umekaa jirani na uzi wa G ulio wazi, wenye 98. Huwezi kuuondoa kwa kupunguza sauti ya chini bila kuondoa noti zako mwenyewe.

Wiki ya sita, Alhamisi

Nimenunua Kariakoo pawasaplai ya volti 9 ambayo kila tundu lake limetengwa na lenzake, nikaikagua kwamba ncha ya kati ni hasi kama pedali inavyotaka. Pia nimebadilisha ekstensheni ya ukumbi wa mazoezi, kwa kuwa nilipoifungua nilikuta waya wa ethi haujafungwa. Mvumo umekwisha. Ekstensheni ile ingeweza kumpiga mtu shoti, kwa hiyo nimeikata waya ili asije akaiokota mwingine.

Wiki ya saba, Jumapili

Jana tumepiga ukumbini saa nne mfululizo. Kabla ya kuanza nilimfuata fundi mitambo nikamwomba anionyeshe njia ya besi kwenye miksa yake, na kama nilivyohofia, alikuwa ameweka kompresa nyingine humo, ya uwiano wa 6 kwa 1, aliyoiweka zamani ili kujilinda na chemko langu. Kubana mara mbili kungeilaza besi kabisa. Nilimweleza nilichofanya, naye akaizima, akasema, "Sawa, kaka, ila ikipaa naiwasha." Hakuiwasha. Nilimtazama mara kwa mara kuanzia wimbo wa pili, na chemko lilipoingia mkono wake haukwenda kwenye njia yangu.

Rekodi ya jana inaonyesha tofauti ya desibeli 7 kati ya kuimba na chemko, yaani moja zaidi ya lengo, nadhani kwa sababu ukumbi ulijaa na mkono ukapata moto. Nitaiacha hivyo. Mzee wa ridhimu aliniambia tukiwa tunakunja waya kwamba safari hii alikuwa anausikia uzi wangu wa G, na kwamba watu waliinuka pale pale pa siku zote. Sikupata usingizi upesi kwa furaha.

Wiki ya saba, Jumanne

Limebaki jambo moja. Kijana wangu amepiga leo kwa gitaa langu na mpangilio wangu, na taa za pedali zikawaka karibu zote, hata katika sehemu ya kuimba. Mkono wake ni mzito kuliko wangu na bado hajajifunza kushuka. Kwake kizingiti changu kiko chini mno, na besi inatoka ikiwa imelala mwanzo hadi mwisho. Nimezungusha kizingiti hadi kuimba kwake kukaacha kuwasha taa, nikapunguza kiwango cha kutokea kulingana naye, wala muda wa kuachia sikuugusa, kwa kuwa huo unatokana na mwendo wa wimbo, nao ni mmoja kwetu sote. Alama zangu nimeziweka kwa rangi nyeupe ya kucha kando ya kila nobu, na zake kwa rangi ya bluu. Jumamosi atapiga nyimbo tatu za mwanzo.